Gari Hukata Kona, Mzigo Hauna Habari

Katika gari ya mbao, ile daladala ya Unguja yenye mabenchi mawili marefu yanayotazamana, abiria wa kulia na abiria wa kushoto hawasafiri safari moja. Gari ikiingia kwenye mzunguko, wa kulia hung'oka kwenye benchi akakaribia kuangukia magoti ya aliye mbele yake. Wa kushoto hubanwa mgongo na ubavu wa gari, akatulia, pengine akacheka. Tenga la samaki lililowekwa katikati, pale miguu inapogombania nafasi, huserereka kuelekea kwa huyo huyo wa kushoto. Sababu ni kwamba sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, hivyo kisiwa cha katikati ya mzunguko huwa kulia kwa dereva, naye lazima apinde kulia ili akizunguke. Anapoingia na anapotoka hupinda kushoto kidogo, na kwa muda huo mfupi zamu ya kucheka huhamia benchi la pili. Lakini sehemu ndefu ya mzunguko ni ya kulia. Anayepanda gari ya Bububu au ya uwanja wa ndege, huku amebeba mtoto au kikapu cha mayai, achague benchi la kushoto.

Basi dogo la Coaster lina mambo yake. Viti vinatazama mbele, kwa hiyo breki humpeleka abiria mbele na kona humlaza ubavu. Katika gari ya mbao mpangilio huo umegeuzwa: kona ndiyo inayomwinamisha au kumkandamiza, na breki humtelezesha juu ya benchi mpaka akambana jirani yake, jirani akambana wa tatu, na uzito wa safu nzima ukaishia kwa maskini aliyekaa karibu na kibanda cha dereva. Kanuni inayofanya kazi ni moja. Kilichobadilika ni upande wa mwili unaopokea.

Ukimuuliza aliyeangukia magoti ya mwenzake kilichomsibu, atasema gari imemtupa. Utingo aliyesimama kwenye ngazi ya nyuma atasema dereva kakata kona vibaya. Mtu aliyesimama kando ya barabara, kama angeweza kuona ndani, angesema jambo la tatu: abiria hakutupwa na yeyote, alikuwa anaendelea na njia yake.

Huyu wa tatu ndiye ninayetaka tumsikilize. Kabla ya kona, gari inakwenda mbele kwa kasi fulani, na kila kilichomo kinakwenda mbele kwa kasi hiyo hiyo: dereva, abiria, tenga, chupa ya maji, nazi, senti iliyodondoka chini ya benchi. Dereva anageuza usukani. Matairi yanashika lami, na lami inaisukuma gari kuelekea katikati ya mzunguko. Lakini lami haigusi tenga. Tenga linaguswa na sakafu tu, na habari za usukani kugeuzwa hulifikia kupitia sakafu hiyo. Sakafu ikilishika vya kutosha, litageuka pamoja na gari. Isipolishika, litaendelea kule lilikokuwa linaelekea, na kwa kuwa gari nzima sasa inahamia kulia, ubavu wa kushoto utalifuata mpaka ukutane nalo. Aliye ndani anaona tenga limekimbilia ubavuni. Aliye nje anaona ubavu umelifuata tenga.

Wanafizikia hawatamwita yeyote kati ya hao mwongo. Aliye ndani ya gari inayopinda anaweza kufanya hesabu zake zote kwa kuongeza kani ya kutupa nje, na majibu yatatoka sawasawa. Wahandisi hufanya hivyo kila siku. Ila kwa mwenye mzigo, maelezo ya aliye nje yana faida zaidi, kwa sababu yanabadilisha swali. Ukiamini mzigo unatupwa, utatafuta kitu kizito cha kuukandamiza. Ukijua mzigo unaachwa, utatafuta namna ya kuuambatanisha na gari.

Tabia hii ya kitu kubaki na mwendo wake mpaka kitu kingine kiuingilie, vitabu vyetu vya sayansi huiita inesha. Isaac Newton aliiweka ya kwanza katika kanuni zake 3 za mwendo mwaka 1687, na shule zinamtaja yeye peke yake kana kwamba wazo lilimwangukia usiku mmoja. Safari ya wazo lenyewe ni ndefu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037 na ambaye jina lake si geni kwa aliyepita madrasa zetu, alishasema kwamba kitu kilichorushwa hupewa mayl, yaani mwelekeo wa kwenda, na kwamba kama pasingekuwa na cha kukipinga, kitu hicho kisingesimama. Galileo, mwaka 1632, aliwataka wasomaji wake wajifungie ndani ya chumba cha meli iendayo kwa utulivu, wamtazame kipepeo akiruka na matone ya maji yakidondoka, kisha wajaribu kugundua kama meli inakwenda au imesimama. Hawataweza. Msafiri wa boti ya Dar es Salaam na Unguja, siku bahari ikiwa shwari, anaweza kurudia jaribio hilo bila gharama ya ziada. Kasi yenyewe haihisiwi. Kinachohisiwa ni kubadilika kwake, na kubadilika huko ni kwa namna tatu: kuongeza, kupunguza, na kugeuka. Hii ya tatu watu huisahau, kwa sababu mshale wa spidi kwenye dashibodi hauchezi wakati wa kukata kona.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana maneno pekee hayatoshi. Kani ya pembeni inayohitajika kukigeuza kitu inategemea kasi na ukali wa kona. Chukua kasi, izidishe kwa yenyewe, igawe kwa nusu kipenyo cha kona, kisha linganisha jibu na mchapuko wa mvutano wa dunia. Tuseme kona ina nusu kipenyo cha mita 15. Gari ikienda kilomita 20 kwa saa, kila kitu ndani yake kitahitaji kusukumwa pembeni kwa kani iliyo karibu na asilimia 21 ya uzito wake. Kwa kilomita 30, inafika asilimia 47. Kwa kilomita 40, asilimia 84. Dereva ameongeza kasi mara mbili tu, kutoka 20 mpaka 40, lakini mahitaji ya mzigo yameongezeka mara nne. Ndiyo maana kona ile ile iliyopitwa asubuhi bila tabu humwaga machungwa jioni, dereva anapokimbizana na hesabu ya tajiri.

Kinacholipa mahitaji hayo, kwa kitu ambacho hakikufungwa, ni msuguano peke yake. Mbao kavu juu ya mbao kavu zinaweza kushikana kwa kani ya kati ya robo na nusu ya uzito wa kitu. Ndoo ya plastiki juu ya bati lililolowa maji ya samaki inapata chini ya hapo. Sasa linganisha na hesabu za juu: kwenye kilomita 20 vitu vingi vinabaki mahali pake, kwenye 30 vingi vinaanza kuserereka, kwenye 40 hakuna kilichoachwa huru kitakachobaki, na gari yenyewe ikiwa ndefu kwenda juu na imejazwa juu iko hatarini kupinduka kabla ya vitu kumaliza kuserereka. Lori lenye mzigo mrefu linaweza kuinua magurudumu ya ndani ya kona wakati kani ya pembeni bado iko chini ya nusu ya uzito.

Kuna imani moja iliyoenea sana kwa wapakiaji, nayo inastahili kuvunjwa: kwamba kitu kizito hakihitaji kufungwa kwa sababu uzito wake utakishika. Gunia la mchele la kilo 50 na kifuko cha kilo 1 cha nyuzi zile zile, vikiwekwa kwenye sakafu moja, vitaanza kuserereka kwenye kona moja, kwa kasi moja. Uzito mkubwa huongeza msuguano, ni kweli, lakini huongeza kwa kiasi kile kile kani inayohitajika kukigeuza kitu. Faida na hasara vinafutana. Uzito unatofautisha kitu kimoja tu, nacho ni pigo la mwisho: kifuko kikifika ubavuni kitamgusa mtu mguu, gunia litamvunja.

Kuna adui mwingine wa msuguano ambaye madereva wa kusini ya Unguja wanamjua kwa jina la tuta. Barabara inayopita kando ya msitu wa Jozani imewekewa matuta ili kuwanusuru kima punju, wale mbega wekundu wasiopatikana penginepo duniani isipokuwa Zanzibar, ambao walikuwa wakigongwa wanapovuka. Ni matuta ya haki. Ila gari ikiruka tuta kwa kasi, kwa sehemu ya nukta vitu vilivyo ndani havikandamizi sakafu, na kisichokandamiza sakafu hakina msuguano. Tuta na kona zikikutana, au shimo na kona, mzigo uliokuwa salama kwenye lami tambarare utahama ghafla, ingawa kasi ni ndogo. Mwenye mzigo atailaumu kona wakati hukumu ilipitishwa na shimo.

Msuguano hauna nafasi yoyote mbele ya vitu vya mviringo. Nazi, madafu, machungwa, mitungi ya gesi iliyolazwa: hivi havisubiri asilimia 21 wala 47, vinabingirika kwa usukani kuguswa tu. Mtungi wa gesi unanitia wasiwasi kuliko vyote. Majiko ya gesi yameingia majumbani kwa wingi, na mitungi husafirishwa kwenye buti za teksi na nyuma ya viti ikiwa imelazwa, kwa sababu ikisimamishwa inaanguka. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa ikisimama ghafla, mtungi ambao haukushikwa na kitu utafika mbele ukiwa na kasi ile ile ambayo ungekuwa nayo kama ungedondoshwa kutoka karibu mita 10, yaani kutoka juu ya nyumba ya ghorofa tatu pale Mji Mkongwe. Hakuna mzazi atakayemruhusu mwanawe asimame chini ya dirisha ambalo mtungi unaning'inizwa. Ndani ya gari tunawakalisha watoto mbele yake.

Vitu virefu vina shida yao. Gunia la mkaa lililosimamishwa, lenye kimo cha mita 1.2 na upana wa nusu mita, litapinduka kani ya pembeni ikifika kiasi cha asilimia 42 ya uzito wake, hata kama chini limeshikwa lisiserereke. Likijazwa lumbesa, kimo kinapanda na mzigo wa juu unaongezeka, basi linaanguka mapema zaidi. Kulilaza kunalinusuru, lakini mfanyabiashara halilazi kwa sababu linachukua nafasi ya magunia mengine. Hapo fizikia inashindana na biashara, na mara nyingi biashara ndiyo inayoshinda mpaka kona ya mwisho.

Maji hayaserereki wala hayapinduki, yanainama. Ndoo iliyojaa ikiwa ndani ya gari inayokata ile kona yetu ya mita 15 kwa kilomita 20, uso wa maji utainama nyuzi 12, na kwa kilomita 30 utainama nyuzi 25. Kwa ndoo yenye mdomo wa sentimita 30, upande mmoja utapanda sentimita 3 katika hali ya kwanza na 7 katika ya pili. Hiyo ni kama dereva amegeuka taratibu. Akipiga kona ya ghafla, maji hupita kiwango chake na kufikia karibu mara mbili ya hapo kabla hayajarudi. Na yakirudi, huwa ndiyo wakati gari inatoka kwenye mzunguko na kupinda upande wa pili, basi mawimbi mawili yanakutana na kusaidiana. Mwenye ndoo ya supu ya pweza anajua hili bila kuambiwa.

Kwa bauza la maji, lile linalopeleka maji mahotelini na mitaani wakati bomba limekauka, kuinama huku ni suala la uhai. Tangi lililojaa kabisa halina nafasi ya maji kutembea, na tangi tupu halina maji. Tangi la nusu ndilo baya: tani kadhaa zinahamia upande wa nje wa kona hasa pale magurudumu ya ndani yanapokuwa mepesi. Matangi mazuri hugawanywa ndani kwa kuta zenye matundu, ingawa kuta hizo kwa kawaida huzuia maji kwenda mbele na nyuma zaidi kuliko kwenda ubavuni. Dereva anayerudi na maji yaliyobaki nusu akidhani gari sasa ni nyepesi na anaweza kukimbia, amekosea hesabu kwa namna inayoua.

Nitoke kidogo kwenye hatari niingie kwenye maajabu. Siku za Idd, watoto wakitoka viwanja vya Mnazi Mmoja au Kariakoo ya Unguja, huenda mmoja akawa na puto la gesi, lile linaloelea. Mpandishe kwenye gari, funga madirisha, kata kona ya kulia. Watoto wote watalala kushoto, lakini puto litaelekea kulia, ndani ya kona. Si mazingaombwe. Hewa iliyomo garini nayo ina masi, nayo inataka kuendelea mbele, hivyo inajibana upande wa nje. Puto, kwa kuwa ni jepesi kuliko hewa, linasukumwa upande ambao hewa imepungua. Breki zikishikwa, watu wanakwenda mbele na puto linakwenda nyuma. Mwalimu wa fizikia anayetaka kuaminiwa na darasa zima aanzie hapo.

Vyombo vinavyoweza kulala kwenye kona haviteswi na mambo haya. Vespa kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, ikienda kilomita 15 tu kwa saa na kugeuka ndani ya mita 4, inadai kani ya pembeni ya asilimia 44, karibu sawa na daladala yetu ya kilomita 30 kwenye mzunguko mpana. Hata hivyo mkungu wa ndizi uliolazwa kwenye kibao cha miguu haumtoki mwenye Vespa. Amelala na chombo chake kiasi cha nyuzi 24, na mkungu unakandamizwa kwenye kibao badala ya kusukumwa pembeni. Bajaji haiwezi hivyo. Ina magurudumu matatu, inabaki wima, kwa hiyo kwenye kichochoro hicho hicho kila kilichomo kinamwagika, na gurudumu la ndani linaweza kuinuka. Rubani naye huilaza ndege: katika mgeuko wa nyuzi 30 juu ya bahari ya Chukwani, chai inabaki sawasawa ndani ya kikombe, ingawa kila abiria ameongezeka uzito kwa asilimia 15 bila kujua. Wajenzi wa reli huinua reli ya nje kwenye kona kwa sababu hiyo hiyo. Unguja tuliwahi kuwa na reli yetu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905 kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, kilomita 11 hivi, ikipita kwenye mitaa myembamba kiasi kwamba wenye nyumba waliona behewa likipita mlangoni. Barabara za magari zinaweza pia kuinamishwa upande wa ndani wa kona, na zile za shamba zilizojengwa upya zingestahili kukaguliwa kwa jicho hilo.

Baharini, jamii ya pwani ilishughulika na tatizo hili karne nyingi kabla ya daladala. Jahazi huwekewa farumi chini, mawe au mchanga, ili lisilale kupita kiasi. Kila nahodha anajua kwamba farumi isiyozuiwa ni hatari kuliko kukosa farumi: chombo kikilala, nayo inahamia upande huo huo na kukizuia kuinuka. Meli kubwa zina ugonjwa huo huo, tena kona yao huzilaza upande wa nje, tofauti na pikipiki. Tarehe 16 Aprili 2014, meli ya Sewol ya Korea Kusini iligeuka kwa ukali. Shehena iliyozidi na ambayo haikufungwa ipasavyo ikahamia upande mmoja, meli ikalala na haikurudi. Watu 304 walikufa, wengi wao wanafunzi. Msomaji wa Zanzibar atakumbuka mara moja MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Nisichanganye mambo: msiba ule ulitokana kwanza na kujaza watu na mizigo kupita kiasi, si kona. Lakini meli iliyojazwa kupita kiasi haina akiba ya kuvumilia kitu chochote kitakachohama ndani yake, na watu wanaokimbilia upande mmoja kwa hofu nao ni shehena isiyofungwa.

Turudi barabarani, kwenye keria la gari ya shamba. Mizigo ya juu hufungwa kwa vitu vya aina mbili. Kuna kamba, za nailoni au zile za makumbi zinazosokotwa na kina mama wa pwani ya mashariki, na kuna mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu za magari. Mipira inapendwa kwa sababu inafungika haraka na inavutika. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Mpira haukatai mzigo kuanza kuhama. Unaukatalia baadaye, ukishavutika. Wakati huo mzigo umeshapata mwendo wake, na kinachotakiwa sasa ni kuusimamisha, kazi kubwa kuliko kuuzuia usianze. Kamba isiyovutika sana, ikikazwa vyema, huzuia tangu mwanzo. Kosa la pili ni kufunga kwa kushuka chini tu, kamba ikipita juu ya mzigo na kuteremka pande mbili. Ufungaji huo unaongeza msuguano, ni mzuri, lakini hautoshi peke yake. Lazima kiwepo kitu kinachozuia mbele na ubavuni, iwe ukingo wa keria au kamba ya mshazari. Kanuni za ufungaji mizigo za Ulaya zinadai mzigo uweze kuhimili kani ya asilimia 80 ya uzito wake kwenda mbele na asilimia 50 kwenda ubavuni. Angalia tena hesabu ya kilomita 30 kwenye kona ya mita 15: asilimia 47. Kipimo hicho hakikutungwa kwa ajili ya nchi za wenye uwezo tu.

Na abiria mwenyewe? Naye ni kitu kilichoachwa huru. Aliyesimama hupinduka kabla ya kuserereka, kwa kuwa ni mrefu na nyayo zake ni fupi, kwa hiyo atanue miguu kuelekea upande ambao kani itatokea: ubavuni kwenye mizunguko, mbele na nyuma kwenye foleni ya Darajani. Utingo mzoefu hufanya hivyo bila kufikiri, tena huinamia ndani ya kona kabla gari haijageuka. Abiria hawezi kumwiga kwa sababu haoni barabara. Ndani ya gari ya mbao, ukiwa umekaa ubavu na kichwa umekiinamisha chini ya dari fupi, kona inakukuta hujajiandaa. Ulaya ilianza kuzuia viti vya ubavuni katika magari madogo na mabasi ya safari za mbali kwa maelekezo ya mwaka 2005, na sababu kubwa ni kwamba mwili uliokaa ubavu haushikiki vizuri, hata kwa mkanda.

Je, hiyo ina maana gari za mbao ziondoke? Kwa njia za mjini, ambako kasi ni ndogo na abiria wamebanana kiasi cha kuwa wao ndio wafungaji wa wenzao, sioni haraka ya kuziondoa. Kwa njia ndefu za Nungwi, Makunduchi na Kizimkazi, ambako lami nzuri inamruhusu dereva kufika kasi ambayo gari hizi hazikutengenezewa, jibu langu ni ndiyo, ziondoke, au zibaki kwa mizigo tu. Coaster haiponi kwa kuwa na viti vizuri. Nayo inabebeshwa juu, na kila kilo inayopandishwa kwenye paa inaikaribisha gari kwenye kupinduka. Zanzibar ina sheria zake za usafiri wa barabarani, kwani jambo hili si la Muungano, kwa hiyo hakuna wa kusubiriwa. Ukaguzi wa gari za abiria unaotazama taa, breki na matairi utazame pia keria: lina ukingo wa urefu gani, lina ndoano ngapi za kufungia, na mzigo wa juu uruhusiwe kimo gani.

Kwa dereva kuna jambo moja, nalo halihitaji sheria wala fedha. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, usisubiri kushika breki katikati yake. Ukishika breki ndani ya kona unaudai mzigo kani mbili kwa pamoja, ya mbele na ya pembeni, na msuguano uliotosha kwa moja hautoshi kwa mbili. Kwa abiria: chupa ya maji isikae chini ambako inaweza kubingirika mpaka kwenye pedali za dereva, mtungi wa gesi usimamishwe na kufungwa kwenye nguzo ya kiti, na mwenye gunia zito asikubali kuambiwa kwamba halitakwenda popote.